Sahani Isiyo na Wanga

Haya nilisimuliwa na msusi wangu mwenyewe, mwaka jana mvua zilipokuwa zinaisha, kichwa changu kikiwa kati ya magoti yake. Alinisuka polepole siku hiyo, nami sikumharakisha.

Yeye na fundi wa lifti walikutana kwenye lifti iliyokwama. Jengo la maduka, mchana, watu wamebanana humo ndani, mtoto analia, mama mmoja anamwomba Mungu kwa sauti. Mlango ukabanduliwa, kikachungulia kichwa cha fundi, kofia ya njano, jasho linamtiririka.

"Poleni jamani. Nani anaanza?"

"Mimi! Nina mteja kasukwa nusu kichwa!" Ndiye msusi huyo, gauni la bluu, viatu mkononi.

Fundi akamvuta juu. "Dada, mzito wewe."

"Mzito? Hicho kitambi chako ndicho kilichokwamisha lifti!"

Watu wakaangua kicheko, na kabla msusi hajamfikia mteja wake, namba ya simu ilishatolewa.

Wakapendana. Fundi alikuwa mcheshi, shati limenyooshwa hata siku za grisi. Lakini jambo moja alimficha: alikuwa na kisukari, kile cha kujidunga sindano kabla ya kula. Mchumba wa kwanza alimkimbia kwa ajili hiyo. Basi akawa anajidungia chooni, anarudi mezani anatabasamu.

Msusi naye alikuwa na lake, ila hakulificha. Baba yake alikufa kwa pombe, na aliapa hataolewa na mlevi.

Posa ilipokubaliwa, wakaanza mazoezi ili suti ya harusi ikae vizuri. Mteja mmoja pale saluni akamwambia msusi, "Ukitaka kitambi kiishe, mkatie wanga wote. Wali, mkate, viazi, futa." Akafuta. Akawa anampikia mayai na mboga tupu, anampelekea kazini.

"Kipenzi, hata kipande cha kiazi?"

"Hata harufu yake. Unanipenda, hunipendi?"

"Nakupenda mpaka nala majani kama mbuzi."

Angeweza kusema hapo. Hakusema. Akala majani yake, akiwa ameshajidunga kiasi kilekile cha siku za wali, kisha akazipanda ngazi za jengo mbio, kama walivyopangiana.

Simu ikamkuta msusi saluni. Sauti ya fundi nzito, inaburuta.

"We... wewe. Ngazi zimekuwa nyingi. Nani kazileta?"

"Umekunywa?"

"Niache! Leta... leta ile..."

"Ile nini? Mchana wote huu umelewa! Usinipigie tena."

Akakata. Ikaita tena, akaizima, akaendelea kusuka.

Mlinzi wa jengo alimkuta fundi jioni, amelala kwenye ngazi, ameloa jasho, hasikii anayemwita.

Hospitalini, mama yake fundi ndiye aliyetaja sindano.

"Hukujua, mwanangu?"

"Sikujua, mama."

Nesi akawasimamia, mtu mzima, hana haraka. "Sindano inashusha sukari. Mazoezi yanaishusha. Wanga ndio unaoipandisha, nanyi mkauondoa. Anayejidunga hagusi mpango wa chakula bila daktari kumpimia dawa upya. Na wanga haufutwi, jamani. Robo ya sahani wanga, nusu mboga, iliyobaki maharage au samaki. Akienda mazoezini, awe na kitu kitamu mfukoni. Na akianza kuongea kama mlevi, mpeni sukari upesi, maadamu bado anameza."

Maneno hayo ya mwisho yalimkumbusha msusi ile simu. Akaondoka bila kuaga, hakurudi. Mama akaona amemkimbia mgonjwa, akamtukana kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Msusi akasikiliza tu.

Fundi aliamka, lakini ubongo ulikuwa umekaa mno bila sukari, hakuwa yule. Mkono wa kulia umelegea, maneno yanampotea, kazi ya lifti ndiyo basi tena.

Adhuhuri moja msusi akabisha hodi nyumbani kwao, gauni jeusi, nywele zake mwenyewe hazijachanwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Kusema."

Akapiga magoti mbele ya kiti cha fundi. "Siku ile ulinipigia. Nikakata. Nilidhani umelewa."

Fundi akamtazama, analitafuta neno. "Mimi... nilificha."

"Mimi nilikata."

Mama amegeukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Siku nyingine," fundi akasema, "nikiongea kama mlevi, nipe... nipe sukari kwanza. Ndipo unitukane."

Msusi akacheka, kicheko kikageuka kilio. "Nioe basi."

"Na huu mkono?"

"Nitakuvalisha mimi."

"Utachoka."

"Nitachoka, ndiyo."

Mama ndiye aliyeleta sahani: wali robo, mboga, maharage. Msusi akamlisha kijiko kwa kijiko, akimfuta mdomo. Kisha mama akajilaza chumbani, fundi akasinzia palepale kitini. Msusi akakaa sakafuni, kila mara anampapasa paji la uso asije akawa analoa jasho kama siku ile ya ngazi. Lilikuwa kavu. Akapapasa tena, bado kavu. Joto la mchana likamlemea, kichwa kikaegemea goti la fundi, naye akalala.