Ujumbe Ambao Mosa Hakuufikisha

Kila alipotoka shule, Mosa alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akawasha jiko la mafuta ya taa, akasonga papa, ule ugali wa mahindi, na kupika mboga. Alikula peke yake, amejifunga blanketi kwa baridi ya Roma, mji mdogo wa chuo kikuu nchini Lesotho. Chakula cha mama alikifunika kwa sahani, na kila siku kilipoa. Alizungumza na redio, nayo haikumjibu.

Mama yake, 'Mamosa, alikuwa chuo kikuu hadi jioni. Alikuwa na shahada ya uzamivu kuhusu nyasi za milimani, lakini kazi ya kudumu hakuwa nayo. Alifundisha vipindi vichache tu, kisha akashinda maktaba akitafuta ufadhili wa watafiti chipukizi huko Cape Town.

"Huu ndio mwaka wangu wa mwisho kuruhusiwa kuomba," alisema. "Ukipita huu, chipukizi nimeshakomaa!"

Mosa hakucheka. Khotso, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemtania: "Mama yako akipata, huyoo, Cape Town! Wewe utapelekwa kwa bibi yako, kule milimani Mokhotlong, ukachunge mbuzi." Maneno yale yalimkaa rohoni.

Jumatano Profesa Letuka, msimamizi wa mama, alimkuta Mosa bombani akichota maji.

"Binti, simu yangu imeharibika. Mwambie mama aje kwangu leo nimwandikie barua ya mapendekezo. Maombi ya Cape Town yanafungwa Ijumaa, na mimi alfajiri naenda milimani."

"Ndiyo, Ntate," Mosa aliitikia, akimwita baba kwa heshima.

Mama aliporudi, Mosa alimsogezea sahani, ujumbe akauficha. Mama hata sahani hakuifunua.

"Ntate Letuka nimemtafuta kutwa nzima. Ofisini hayupo, simu haipatikani. Bila shaka ameshaondoka. Basi tena, mwanangu, imekwisha." Akajifuta macho. "Na nafasi hiyo ya Cape Town ndiyo pekee inayomruhusu mtafiti aende na mtoto wake. Nyingine zote niliziacha. Ningekuacha na nani?"

Mosa alimshika mama mkono.

"'M'e, mama yangu, hajaondoka! Alinipa ujumbe, nikauficha. Niliogopa utaniacha!" Akaangua kilio.

Mama aliinuka. Hakumpiga, hakufoka. "Vaa viatu," alisema.

Walimkuta profesa nyumbani kwake akifunga mahema kwenye gari. "Lo! Nilidhani umebadili nia," alisema, akaingia ndani kuandika barua.

Njiani kurudi, mama alimfunika Mosa kwa blanketi lake.

"Ujumbe wa mtu ni amana, Mosa. Ukiuficha, umemdhulumu aliyeutuma na aliyetumiwa. Na huo upweke wako, ungeniambia. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nisamehe, 'M'e."

"Nimekusamehe. Nami nina kosa. Nilikuwa natafuta nafasi ya watu wawili, na huyo wa pili sikumwambia."

Tangu siku hiyo mama alikuwa akirudi mapema, na Mosa akawa anamweleza yaliyomsibu, hata madogo.

Siku majibu yalipokuja, mama alifika mbio mchana, anahema.

"Wamenichukua, Mosa! Wamenichukua!"

"Wametuchukua," Mosa alimsahihisha, akampakulia papa ingali ya moto.