Picha za Mguu wa Kushoto

Kila siku akitoka shule, Kiguu-na-Njia hutupa mkoba mlangoni na kukimbilia uwanjani. Jina hilo alipewa na mama yake, maana binti huyo hatulii hata akinywa maji.

Siku hiyo shangazi yake, fundi wa viatu vya watu wenye ulemavu wa miguu, alimzuia na kumpa simu.

"Mpige mdogo wako picha za mguu wa kushoto. Aukunje na kuunyoosha kadiri awezavyo. Kompyuta itaziunganisha picha zote na kutengeneza umbo, nione mguu unavyobadilika akitembea. Nitashona kiatu kwa kufuata umbo hilo."

Mdogo wake, ambaye kifundo chake kilikuwa kigumu tangu kuzaliwa, aliinua mguu bila kulalamika. Nje, wenzake Kiguu-na-Njia walipiga mbinja wakimwita mpirani.

"Dada, kacheze kwanza," alisema. "Mguu wangu hauna pa kwenda." Akacheka mwenyewe, kisha akasinzia.

Picha zilikuwa bado nusu. Binti alitazama dirishani. Akavua kiatu, akaupiga picha mguu wake mwenyewe ukikunjwa na kunyooshwa, akatoka mbio.

Jioni, kwenye karakana ya shangazi, mguu ulizunguka kwenye kompyuta, ukajikunja taratibu kifundoni. Mama alisogea karibu.

"Wifi, unakunjika?" Machozi yalimlengalenga.

"Ndivyo picha zinavyoonyesha. Basi nitamshonea kiatu laini, bila chuma pembeni cha kushikilia kifundo."

Mdogo aliutazama mguu wake, akajaribu kuukunja. Haukukunjika. Akajaribu tena.

Kiguu-na-Njia alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, huo ni mguu wangu. Nilitaka kuwahi mpira."

Mama alifuta macho.

"Ndiyo maana una kucha chafu," mdogo alisema, na mama akajikuta anacheka.

Kesho yake wenzake walipiga mbinja hadi wakachoka. Kiguu-na-Njia hakutoka; alikuwa akimpiga mdogo wake picha upya. Mtoto alipochoka, alimwekea mto chini ya goti, akangoja.

Kiatu kilipokuwa tayari, kikiwa na chuma pembeni, mtoto alitembea hadi mlangoni bila kushika ukuta.

Shangazi alimvuta binti karibu. "Kompyuta huamini kila picha tunayoipa, mwanangu, na mdogo wako anakuamini wewe. Angevaa kiatu cha mguu wako, angeanguka. Ukichoka, sema umechoka, lakini usidanganye kazini. Ulisema ukweli kabla sijakata ngozi, ndiyo maana leo anatembea. Haya, mpeleke uwanjani. Polepole."