Nani Alifuta Ubao wa Alama?

Jumatano jioni, Mwalimu Stella Kiden aliwasha projekta katika darasa la watu wazima mjini Koboko, na ukuta ukabaki mweupe. Ubao wa alama, ukurasa uliopanga majina ya wanafunzi kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, ulikuwa umefutwa. Alama za muhula mzima zilikwenda nao.

Tovuti ile aliitengeneza mwenyewe. Ilikaa ndani ya kompyuta ya darasa, na wanafunzi waliifungua kwa simu zao bila intaneti. Swali lilitokea pamoja na picha, mtu akagusa jibu, na papo hapo jina lake likapanda au kushuka ukutani. Kesho yake wageni kutoka Arua wangekuja kuitazama.

"Ni Lemi," alisema Stella. "Ufunguo anao yeye. Na wiki iliyopita aliniambia hii kitu ya ukutani itaharibu darasa. Kabla wageni hawajafika, awe ameondoka."

Aliyeambiwa hayo ni Norah Ayikoru, koplo wa polisi, ambaye pia alikuwa mwanafunzi pale. Lemi, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alilinda darasa na kompyuta, na mshahara huo ndio uliolisha watoto wake. Norah alifumba macho, akamwomba Mungu asimwache amwonee mtu. Kisha akamwita.

"Afande, mimi hapana gusa," alisema Lemi. "Kama nilitaka kuharibu, si ningebeba kompyuta yote?"

"Nani mwingine anaweza kuingia?"

"Wote. Madamu aliwapa neno la siri, kila mutu aandike swali yake ndani. Na waifai inafika mpaka nje, kwa wale wa bodaboda."

Kumbe ufunguo haukuthibitisha lolote. Norah akaifungua tovuti. Masomo yote yalikuwepo, picha na maswali pia. Aliyelichukia darasa angefuta vyote. Huyu alichukia kitu kimoja tu.

Akamfuata Mzee Aliga, askari mstaafu, ambaye jina lake lilikuwa la mwisho tangu muhula uanze.

"Mzee, watu walikucheka?"

"Walicheka. Hata wewe ulicheka, afande."

Norah akainamisha macho. Ilikuwa kweli.

"Lakini kuandika kwa simu sijui bado," aliendelea Aliga. "Swali yangu aliandika Lemi. Na kuwa mwisho si kitu. Jeshini pia nilianza mwisho."

"Mbona basi unakaa mlangoni, umegeuza uso?"

"Kule mbele iko mke ya kijana yangu. Mimi na yeye tutaangaliana namna gani? Kwetu mkwe na mkwe hapana angaliana."

"Mke wa kijana wako ni nani?"

"Asiya."

Norah alisimama. Asiya ndiye aliyekuwa wa kwanza ukutani. Lakini siku za karibuni aliulizwa jembe akagusa panga, kisha akapatia hesabu ya asilimia iliyowashinda wote. Norah alidhani ni uchovu. Sasa aliona kwamba mtu aliyechoka hukosea kwanza yaliyo magumu. Asiya alikosea mepesi tu, yale aliyoyajua kabisa.

Akafunga mlango, ndani wakiwa Stella, Lemi na Asiya.

"Dada Asiya, ulikuwa unataka kushuka," alisema Norah.

Asiya hakukana, akamgeukia Stella. "Nilijaribu kushindwa, Madamu. Kompyuta ilikataa. Inajumlisha za zamani, mimi nabaki juu tu. Nyumbani ninapiga magoti nikimpa baba mkwe maji. Hapa jina yangu iko juu, yake chini, na watu wanacheka. Jana nilisimama barabarani na simu, nikafuta."

"Na mimi?" aliuliza Lemi.

"Sikujua watakushika wewe."

"Umejua tangu jioni hii. Ulinyamaza."

Machozi yalimtoka Asiya. "Nisamehe, kaka. Nitasimama niseme mbele ya wote."

"Ukisema, mzee hatarudi hapa tena kwa aibu," alisema Norah. "Usiposema, Lemi anabaki na jina baya."

Stella aliutazama ukuta mweupe. Kisha akafungua mlango, akawaita wote waingie.

"Ubao ule niliutengeneza mimi," alisema, "bila kuuliza nani ni nani kwa nani humu ndani. Kosa ni langu. Lemi hakugusa kitu, nami nilimsingizia. Lemi, nisamehe. Ufunguo ni wako. Kuanzia leo kila mtu ataona alama zake kwenye simu yake mwenyewe, na wageni wa Arua nitawaeleza hivyo hivyo."

Lemi aliitikia kwa kichwa, bila kutabasamu.

"Sasa nani alifuta?" aliuliza Aliga kutoka mlangoni.

"Mzee, polisi imemaliza," alisema Norah.

Aliga alibaki ameelekeza uso nje. Kisha akatoa simu yake mfukoni.

"Haya. Leteni swali."