Mwenye Duka Yupo?

Jua lilikuwa linazama, na rafu ya maziwa ilikuwa tupu kama kichwa cha aliyepanga ratiba ya gari la mizigo. Asubuhi mkaguzi angekuja. Hakuwa mtu mbaya, mkaguzi, ila akiona rafu tupu hukunja uso kama aliyelambishwa shubiri, na duka linalomkunjisha uso kila mara huishia kuteremshiwa bango.

Mwenye rafu hiyo mtaa mzima ulimwita Kampuni. Duka lilikuwa dogo, lake yeye na mkewe, lakini juu ya mlango lilining'inia bango la kijani lenye jina la watu wakubwa, na kila mteja aliyeomba kupunguziwa alijibiwa, "Bei ya kampuni hiyo, ndugu yangu." Basi jina likamganda. Ukweli ni kwamba kampuni ilimpa bango, sare, na mchoro wa kupangia sabuni. Uchovu ulikuwa mali yake mwenyewe.

"Naenda kuazima maziwa," alimwambia mkewe.

Wenye maduka ya bango lile walikuwa na mtindo huo. Hawakujuana sana, lakini waliazimana bidhaa na kushikiana kaunta, maana ukilijua duka moja umeyajua yote.

"Kuna tawi jipya nyuma ya maghala," akaongeza. "Nimeliona jana."

"Jipya? Mbona hatujaambiwa?" Mkewe alikuwa ameegemea kaunta, macho nusu yamefumba. "Haya, nenda. Ila usikae huko kupiga soga, baba watoto. Miguu yangu leo si yangu tena."

Tawi lilikuwepo kweli, limebanwa kati ya maghala yaliyofungwa. Bango lilelile, ila kijani chake kilikuwa kimepauka kama majani ya chai yaliyochemshwa na kuchemshwa tena. Kwa tawi jipya... Kampuni alijiambia labda wamebana matumizi kwenye rangi. Alikuwa hodari wa kujiambia mambo.

Akasukuma mlango. Kengele haikulia.

Ndani palinuka nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye mfuko. Sabuni kushoto, biskuti kulia, friji ukutani. Hata akifumba macho angejichukulia betri. Nyuma ya kaunta alikaa mama wa makamo mwenye sare kama yake, na uso wa mtu aliyesahau usingizi unaanzia wapi.

"Umekawia," akasema.

"Samahani dada, sikujua tuna miadi." Kampuni akacheka. Akacheka peke yake. "Nimekuja kuazima maziwa."

"Chukua. Ila nishikie kaunta kidogo, kaka yangu. Nikanyooshe mgongo."

Hakuna mwenye bango anayekataa hilo. Siku mkewe alipojifungua, jirani wa bango ndiye aliyekaa kwenye kaunta yao mpaka wakafunga. Kampuni akapita nyuma, akakaa. Kiti kilikuwa cha baridi, kama vile hakuna aliyekuwa amekikalia.

Mama yule alikuwa keshafika mlangoni. Akasita. Kitu kinachofanana na aibu kikamgeuza.

"Watakuuliza kama mwenye duka yupo," akanong'ona. "Sema katoka. Kila atakayeuliza, mwambie katoka."

"Nikisema ni mimi watafanya nini? Watanikopa?"

Hakucheka. "Atakayesema ni yeye, watakwenda naye. Popote."

"Akina nani hao?"

"Mimi nilimshikia mtu aliyesema anakwenda kunawa mikono..."

Akatoka. Na mama yule, na umri wake, na mgongo wake, akakimbia.

Friji zikaacha kunguruma.

Zote kwa pamoja.

Hakusikia mlango ukifunguka. Alimwona tu mzee mkavu amesimama mbele ya kaunta, na ile harufu ya ubichi imezidi.

"Mwenye duka yupo?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyetembea mno.

"Katoka."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni, akasimama. Nyuma yake alikuwepo mwanamke aliyebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

"Mwenye duka yupo?"

"Katoka kidogo."

Naye akasogea, akasimama. Mwingine. Na mwingine... Duka likajaa. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyegusa hata biskuti. Kampuni akatupia jicho kioo cha friji. Mle kiooni alimwona mtu mmoja tu: mnene, mwenye sare, anatiririka jasho katika duka tupu.

Akanyanyua ubao wa kaunta ili apite.

Vichwa vyote vikageuka.

Akaushusha ubao taratibu, kama mtu aliyekuwa anaupangusa vumbi tu.

"Mwenye duka yupo?" Ni yule mzee. Walikuwa wameanza upya.

Hofu nayo, kumbe, huchosha. Kampuni huyu alikuwa ameizunguka dunia enzi za ujana wake. Alipika kwenye meli, alilala stesheni, alitukanwa kwa lugha ambazo mpaka leo hajui alitukanwa nini. Hakuwahi kuchoka namna ile. Swali lilikuja bila haraka wala hasira, kama tone la bomba bovu, na kila jibu likawa zito kuliko lililotangulia. Angesema neno moja tu, wote wangenyamaza. Angefumba macho. Ulimi ulikuwa tayari umeshainuka. "Ni..."

Akaung'ata. Akaonja damu.

"Katoka," akasema.

Hapo kengele ya mlangoni ikalia.

Aliingia mkewe, na sare yake, na funguo mkononi, na hasira zake. Hakuwaona. Wao walimpisha.

"Yaani nafunga duka peke yangu, nakufuata mpaka huku maghalani, kumbe umekalia kiti cha watu?"

"Toka," Kampuni akanong'ona. "Mke wangu, toka nje... usijibu kitu."

"Nisijibu nini? Mbona umepauka hivyo? Unaumwa?" Hasira zikamtoka palepale. Akanyoosha mkono kumgusa paji la uso.

Nyuma ya bega lake, mzee mkavu akainama.

"Mwenye duka yupo?"

Mtu aliyesimama kaunta miaka mingi hageuki kumtazama anayeuliza swali hilo. Ameulizwa na wauza mikate, wasoma mita, watoto waliotumwa. Mdomo hujibu wenyewe, mikono ikiendelea na yake.

"Ni mimi," akasema, kiganja kikiwa bado juu ya paji la mumewe. "Nikusaidie nini?"



Kisha dukani mle ikashuka pumzi moja ndefu, ya watu wengi.

"Tunaomba kukaa," mzee akasema. "Tumechoka."

Sasa mkewe akageuka. Aliona nini, Kampuni hakujua, wala hakuwahi kumuuliza. Alichoona yeye ni uso wa mkewe ukiingia katika hofu, ukakaa humo kitambo, halafu ukalegea, ukawa ule uso wake wa kuuguza wagonjwa.

"Kaeni," akasema polepole. "Kaeni, jamani. Hata sisi tumechoka."

Friji zikanguruma. Duka lilikuwa tupu.

Waliondoka na maziwa, maana mkaguzi ni mkaguzi. Naye asubuhi akaja, akakuta rafu zimejaa, uso haukukunjika. Lakini alipita kati ya rafu kiubavu, tumbo amelivuta ndani, na mahali pasipokuwa na mtu akasema, "Samahani, mama." Akatazama alikosema. Akatoka haraka, hata kalamu yake akaisahau.

Wateja nao wakaanza kupita kiubavu.

Dereva wa gari la mizigo alipoulizwa, alikuna shingo. "Nyuma ya maghala? Kulikuwa na tawi pale, zamani. Mwenyewe alichoka, siku moja akatoka bila kumuaga mtu. Aliwaacha wateja ndani."

"Wakaenda wapi?"

"Mimi nashusha mizigo tu, Kampuni."

Alimsihi mkewe walirudishe bango, wahamie kwa dada yake, mbali. Mkewe alimsikiliza huku amesimama. Siku hizi alisimama tu, hata mchana, hata vitu vyote vya kukalia vikiwa wazi. Alikuwa amekonda.

"Nikienda kwa dada, nitakwenda nao," akasema. "Nyumba yenyewe ndogo ile. Na wewe unamjua dada yangu kwa wageni."

Walicheka wote wawili, kidogo.

Usiku ule Kampuni alizima taa, akajilaza. Kitanda kikalia upande wa mkewe. Kikatulia. Kikalia tena, ingawa mkewe hakuwa amejigeuza.

"Baba watoto," akanong'ona gizani. "Sogea. Wengine bado wamesimama."

Kampuni akasogea mpaka bega likagusa ukuta, uso ukutani. Godoro likabonyea katikati, taratibu sana, kwa adabu ya mgeni asiyetaka kumwamsha mwenyeji. Mgongo ukaegemea mgongo wake. Ulikuwa mbichi, na mifupa yake ilihesabika.

Kutoka mbali, ukingoni kabisa mwa kitanda, akasikia mkewe akisema, "Haya, laleni."