Mahali pa Mtungi

Maji ya mtungi yalikuwa na joto. Hilo ndilo lililotangulia, na kama Saumu angekuwa mwanamke wa kupuuza mambo, angeyameza akaenda kujinyoosha, maana alikuwa ametoka kijijini Ziwani kwa mama yake kuokota korosho, miguu imevimba, vidole vimebabuka kwa utomvu. Lakini maji ya mtungi ule alikuwa akiyanywa tangu alipoolewa katika nyumba ile ya Rahaleo, na hata jua la mwezi wa kumi na moja, jua la kukunja bati, halikuwahi kuyafikia. Akayatema. Akautazama mtungi vizuri. Haukuwa mahali pake. Ulikuwa umesimama ukumbini, juu ya saruji, umewekewa matofali kama mgeni aliyepewa kigoda.

"Yassini!" akaita. "Nani kaugusa mtungi?"

Mumewe akatoka chumba cha nyuma akifuta mikono kwa fulana, uso umejaa furaha ya mtu mwenye siri. "Mimi, mke wangu. Njoo uone."

Chumba cha nyuma kilikuwa hakina dirisha, na ndicho pekee kilichobaki na sakafu ya udongo. Yassini alipotia saruji nyumba nzima, Saumu alikataa kile kisiguswe. Mume hakuuliza sana. Alijua tu kwamba mke wake anapapenda pale, penye mtungi, penye ubaridi.

Sasa pale pale penye mtungi palikuwa na shimo. Limechimbwa likanyooshwa kingo, limetandikwa mchanga na magunia, na juu ya magunia zimelazwa chupa nyeusi, ubavu kwa ubavu, kama samaki kwenye tenga.

"Pombe?" Saumu akauliza. "Humu tunamosali?"

"Mvinyo. Mimi sinywi, wewe hunywi. Mvinyo mwekundu wa wakubwa, Saumu, ule wa kwenye meza za mabosi."

Maana kazi ya Yassini ilikuwa hiyo, kununua vitu vya kambi zikivunjwa. Wageni wa gesi wakimaliza kazi zao upande wa Mnazi Bay wanaondoka, na vitanda, majokofu na masufuria yao hubaki yakiuzwa kwa bei ya kutupa. Safari hii mtunza stoo, Gideoni, Mmakonde mmoja mcheshi, alimvuta pembeni akamwonyesha makreti.

"Nikwambie, ndugu yangu," Gideoni alisema, "huu si wa kugida kama uraka wetu wa mabibo. Huu unalazwa. Kreti moja mpelekee yule Irene mwenye nyumba ya wageni Shangani, akupe cha kuanzia. Zilizobaki zifiche. Haupendi joto, haupendi mwanga, haupendi makelele. Uulaze ubavu, kizibo kisikauke. Ukikaa miaka michache, wenyewe watakutafuta."

"Kama mtoto mchanga!" Yassini alicheka.

"Mtoto analia, bwana. Huu haulii."

Yassini akamsimulia mkewe yote hayo huku akimshika bega. "Jokofu siliamini kwa umeme huu wetu. Nikazunguka nyumba nzima natafuta baridi, na baridi iko hapa tu. Zikiuzika hizi, tunakwenda Dar, kwa yule daktari wa uzazi. Sikukwambia mapema kwa kuwa nilitaka ufurahi."

Saumu alikuwa akilitazama shimo. "Ulikuta kitu?"

"Kitu gani? Vigae. Chungu kibovu cha zamani, kilivunjika jembe lilipogusa."

Saumu akakaa chini pale pale, na mumewe akadhani ni uchovu wa safari.

Sasa mjue kilichokuwa mle. Miaka iliyopita Saumu alijifungua mtoto wa kike katika nyumba ile, na mtoto hakulia. Walimpiga nyayo, wakampulizia, wakamwita. Hakulia. Bi Mwanahamisi, mkunga na mganga wa mtaa, akamfunga kwa kipande cha kanga ya mama yake, akamlaza ndani ya chungu kipya, akamzika kwenye chumba cha nyuma na juu yake akaweka mtungi wa maji. Ndivyo walivyofanya wanawake wa ukoo wao tangu huko walikotoka. Mtoto asiyelia habebwi na wanaume kwenda makaburini. Anabaki na wanawake, chini ya mtungi, maji yamdondokee kidogo kidogo asikauke, na tumbo la mama nalo lisikauke. Na mwanamume haambiwi ni wapi. "Siku atakayopajua," Bi Mwanahamisi alisema, "tumbo linafunga."

Kwa hiyo Saumu hakusema. Wenzake wa mtaani waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani, yeye akaitwa Saumu tu, na tumaini lake lote lilikuwa limesimama juu ya neno lile la mkunga. Angefungua kinywa angelipoteza. Akaenda kupika.

Siku ya tatu, au labda ya nne, jua likiwa utosini, saa ile ambayo bibi zetu walitukataza kupita penye miti mikubwa kwa kuwa ndiyo saa yao wale wengine ya kutembea, Yassini yuko sokoni na mtaa wote umenyamaza kwa joto, Saumu alisikia kitu kama paka. Akaacha kuchambua mchele. Kikaja tena. Hakikuwa paka. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, chembamba, chenye mikwaruzo, kinatoka chumba cha nyuma, na pamoja nacho ikaja harufu ya mabibo yaliyochacha juani, imechanganyika na harufu ya maziwa.

Mwingine angekimbia. Saumu alisimama akiwa ameshika ungo, na machozi yalikuwa yanamtoka kabla hajajua kwamba analia. Maana kilio kile alikisubiri siku ile chumbani, jasho likimtiririka, wanawake wamenyamaza wakitazamana, akakisubiri hadi jua likazama, na hakikuja. Leo kimekuja.

Akaingia. Akajilaza kando ya shimo. "Nipo," akanong'ona. "Nipo, mama. Nyamaza."

Kikanyamaza.

Tangu hapo kila mchana mumewe akitoka aliingia mle na kufunga mlango. Matiti yake yakajaa, kanga ikalowa kifuani, na alipoifua alikuta maziwa yameacha duara jekundu lisilotoka kwa sabuni. Akaanza kukonda. Mashavu yakaingia ndani, ngozi ikawa na rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa yanang'aa, na alikuwa akiimba jikoni, yeye ambaye hakuwa ameimba miaka mingi. Yassini akafurahi, akasema moyoni, mke wangu ana tumaini la Dar. Hata alipokwenda kuzigeuza chupa zake akakuta moja imepungua hadi nusu, na kizibo kimekaa na nta yake haijaguswa, alijilazimisha kuamini kwamba labda ndivyo mvinyo ulivyo, unajinywa wenyewe.

Ikafika Ijumaa. Yassini alirudi kutoka msikitini, akapiga hodi, kimya, akaita, kimya, akaingia ukumbini na pale pale nywele zikamsimama kwa kuwa alisikia sauti ya kunyonya, ya pupa, ya kitu chenye njaa kubwa kuliko kinywa chake, na akaifuata sauti ile mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akausukuma, akamwona mke wake amelala ndani ya shimo, ubavu, katikati ya chupa, kama na yeye ni chupa, ziwa lake limegandamana na mdomo wa chupa moja yenye kizibo chake, na ndani ya ile chupa mvinyo ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, huku Saumu akitabasamu amefumba macho.

"Saumu!"

"Shh," akasema bila kufumbua. "Utamwamsha."

Yassini alitoka bila viatu hadi kwa Bi Mwanahamisi. Bibi yule alikuja amejishika kiuno, akatazama mlangoni, akaona mtungi uliko, akaona shimo liliko. Hakuuliza habari za chupa.

"Udongo uko wapi?"

"Udongo gani, Bi?"

"Uliotoka humu."

"Nimefukia mashimo ya barabarani, hapo mbele. Mvua ilikuwa imeyachimba, mkokoteni wangu ulikuwa haupiti."

Nje bodaboda ikapita, ikafuatiwa na gari la saruji, na chupa zikagongana taratibu shimoni. Bi Mwanahamisi akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa ushungi.

"Mwanangu," akasema, "yule alikuwa binti yako."

Akamweleza. Yassini alisikiliza amesimama, kisha akakaa chini. Pale barabarani alikuwa amepafukia, amepasawazisha, amepashindilia kwa miguu yake mwenyewe, na jioni ile alijisifu mbele ya majirani kwamba barabara sasa imekuwa lami.

"Basi anayenyonya ni yeye?" akauliza. "Amenirudia mimi?"

"Yeye kaenda kwa Mola wake zamani. Lakini kitanda cha mtoto hakiachwi wazi. Ameingia mwingine humo. Umemtandikia giza, baridi na kimya, ukamwekea na kinywaji. Hawezi kutoka mpaka mama amkane, na mama asipomkana, hatuna Saumu."

Bibi akachoma ubani, akaandika kombe la aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, akamkalisha Saumu ukingoni. Kilio kikaanza, kikali sasa, cha kukata utumbo.

"Mwambie si wako."

"Siwezi, Bi."

"Mwambie."

"Unamsikia? Bi, wewe ulikuwepo. Ulimpiga nyayo. Hakulia siku ile, sasa analia, halafu mimi nimwambie anyamaze?"

Bi Mwanahamisi akamshika uso kwa mikono miwili, mikono ile ile iliyompokea mtoto. "Nilikuwepo. Ndiyo maana nakwambia. Wako hakulia, mwanangu. Anayelia si wako."

Saumu aliinamia shimo. Kilio kikashuka, kikawa kile kidogo cha siku ya kwanza, cha kubembeleza, kana kwamba mle ndani kitu kimeelewa kwamba kinapimwa.

"Wewe," akasema, "si wangu."

Ikasikika sauti moja, kama kizibo kinapong'olewa. Kisha kimya, na harufu ya mabibo ikapita katikati yao ikatoka mlangoni. Saumu akanywa kombe lote. Hakulia hata kidogo. Yassini ndiye aliyelia.

Chupa zote za shimoni alizimwaga chooni kwa mkono wake. Bi Mwanahamisi alikwenda barabarani akachota udongo kiganja kimoja, maana nani angejua upi ni upi, wakaurudisha shimoni, wakafukia, mtungi ukarudi juu yake. Maji yakapoa. Saumu akarudi kuwa na nyama mashavuni. Habari za Dar hakuna aliyezitaja, na wimbo jikoni haukusikika tena.

Pepo za kaskazi zilipotulia, simu ya Yassini ikaita naye yuko kisimani anatawadha. Saumu akapokea. Alikuwa Irene, yule mwenye nyumba ya wageni Shangani.

"Shikamoo, dada. Mwambie shemeji lile kreti lake nimelilaza chumba cha chini kama alivyonielekeza. Leo nimepata mteja wa maana, nataka kufungua moja, lakini naona kama zinapungua zenyewe. Ndiyo kawaida yake?"

Saumu aliigandamiza simu sikioni. Nyuma ya sauti ya Irene, mbali, kwenye chumba cha chini, kitu kilikuwa kinalia, chembamba, chenye mikwaruzo.

"Irene," akasema, "hapo kuna mtoto?"

"Mtoto? Hapana, dada. Niko peke yangu."

Kanga ya Saumu ililowa kifuani. Alimwambia Irene azimwage zote, sasa hivi, asifungue, asisikilize, akakata simu huku mwenzake bado anauliza kwa nini. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akachota maji ya mtungi kwa kata, akatoka nayo mpaka barabarani, akaanza kunyunyiza pale palipofukiwa, polepole, huku na huku, asijue ni sehemu ipi. Bodaboda zikamkwepa. Jirani mmoja akampigia kelele kutoka barazani, "Ahsante, Saumu, vumbi limetumaliza!" Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kuchota kata nyingine.