Beseni Chini ya Paa la Fundi

Mvua ilipoanza kudondoka, Mama aliinuka kitini. Alichukua beseni la bluu, akaliweka katikati ya sebule. Hakuangalia juu. Pale panapovuja alipajua kama anavyoujua mlango wake.

"Mganga hajigangi," alisema jirani yao, huku akivuta kiti pembeni asilowe. Jirani huyo alikuwa nesi wa wodi ya upasuaji.

Aliyeona aibu kwa methali hiyo alikuwa mtoto wa Mama. Yeye alikuwa fundi wa paa, na nusu ya mabati ya mtaa ule aliyapigilia yeye. Watu walimwita Fundi Pande, kwa kuwa alikuwa pande la mtu. Zamani jina hilo lilimchekesha. Sasa mwili ulikuwa umemwelemea. Magoti yalimuuma, sukari ilikuwa juu, na mara ya mwisho alipopanda ngazi, ngazi ilikatika. Tangu siku hiyo alisimama chini, akiwaelekeza vijana wake kwa kidole.

"Mwite kijana wako mmoja aje azibe," mkewe alimwambia.

"Paa la mama yangu nitalipanda mwenyewe."

"Utapanda kwa winchi, Baba?"

Wote walicheka. Fundi naye alicheka, lakini moyo ulimuuma. Alikuwa amejaribu kupunguza chakula. Alikuwa amejaribu kutembea. Kilo zilishuka, kisha zikarudi na wenzao. Mwishowe madaktari walimpima na kumwambia kwamba anaweza kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Siku ilikwishapangwa. Kabla ya siku hiyo, alitakiwa anywe tu vile vyakula laini vya maji alivyoelekezwa hospitali.

Mama hakupenda jambo hilo hata kidogo. Siku chache kabla ya safari ya hospitali, alibandika masufuria yake yote. Harufu ya nyama ilimfikia nesi kule kwake, naye akaja mbio.

"Mama, kuna harusi?"

"Namuaga mwanangu. Mtu haendi vitani na njaa."

Fundi alikuwa amekwisha kunawa mikono. Mate yalimjaa mdomoni.

"Kaka, usiguse," nesi alisema. "Ini lako limejaa mafuta, limevimba, limeufunika mfuko wa chakula. Ukifuata yale uliyoelekezwa, ini linasinyaa. Daktari anapata nafasi ya kufanya kazi. Ukila karamu hii, anaweza kuahirisha upasuaji."

Fundi aliitazama sahani. Kisha akatazama beseni. Akasukuma sahani mbali.

"Mama, nikitaka kubadilisha mbao za paa, kwanza natoa vitu vilivyojaa darini. Daktari naye ni fundi. Tumpe nafasi."

Mama alinuna, lakini sahani aliziondoa. Majirani walikula vizuri sana siku hiyo.

Mkewe alikuwa amepakia mfuko wa hospitali. Ndani kulikuwa na suruali ya sherehe, mkanda na viatu vya kamba. Nesi alivitoa vyote.

"Atakuwa na vidonda tumboni, mkanda wa nini? Weka nguo pana. Weka ndala, maana hataweza kuinama kufunga kamba. Weka na dawa zote anazotumia, daktari azione."

"Zote?" mkewe aliuliza. "Hata mizizi aliyoificha nyuma ya kabati?"

Fundi alikohoa. Nesi akasema, "Hiyo hasa."

Upasuaji ulikwenda salama. Mama alipoingia wodini kumwona, kitanda kilikuwa kitupu, naye akashika kifua. Kumbe mwanawe yuko ukumbini, anatembea polepole, nesi mmoja kamshika mkono.

"Mnamtembeza mgonjwa?" Mama alilalamika.

"Akilala tu, damu inaweza kuganda miguuni," nesi yule alimjibu. "Kutembea ni sehemu ya dawa, Mama."

Mama akaushika ule mkono mwingine. Wakatembea watatu.

Shida ilikuja nyumbani. Kwanza Fundi alitakiwa anywe vya maji tu, kidogo kidogo. Baadaye angekula vilivyopondwa, kisha vyakula laini, ndipo arudi kwenye chakula cha kawaida. Mama alimwona mtu mzima akinywa kwenye kikombe cha mtoto, na huruma ikamshinda. Siku moja mkewe alipotoka, Mama alimletea kipande cha nyama.

"Kimoja tu. Nani atajua?"

Tumbo lilijua. Kifua kilimbana, jasho likamtoka, akatapika. Jirani yao nesi aliitwa, akafika bila hata kuvaa viatu. Alimuuliza kama ana homa, kama anashindwa kupumua, kama tumbo linauma sana. Kisha akapiga simu hospitali. Waliambiwa wamlete mara moja.

Madaktari walimpima. Mshono ulikuwa salama. Mama alikaa kwenye benchi la nje akilia.

"Nusura nimuue mwanangu kwa mkono wangu."

"Ulitaka kumlisha," jirani yao nesi alimwambia. "Mapenzi ni yale yale, Mama. Kipimo ndicho kimebadilika."

Fundi alipotoka, alimshika mama yake bega. "Sakafu mbichi haikanyagwi, Mama. Tuiache ikauke."

Kuanzia hapo, hapakuwa na mlinzi mkali kama Mama. Wageni waliokuja na masahani aliwapokea mlangoni na kuwaaga hapo hapo. Chakula kilipofika wakati wake, alikaa mbele ya mwanawe na kumhesabia matonge. "Tafuna. Anza na yai. Maji baadaye, usiyachanganye na chakula. Umeshiba? Basi acha." Vidonge vya vitamini alivitunza yeye, maana daktari alisema vitanywewa maisha yote.

Fundi alitembea kila siku. Kwanza hadi getini, kisha hadi dukani, kisha mtaa mzima. Suruali zilimvuka. Sukari ilishuka, na daktari akampunguzia dawa. Miezi ilipita. Siku moja daktari alimwambia, "Sasa unaweza kurudi kazini. Hata kupanda."

Kesho yake Fundi aliegemeza ngazi ukutani. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Alikanyaga ngazi ya kwanza, akasubiri ilie. Haikulia. Akakanyaga ya pili. Akapanda hadi juu, akang'oa bati lililooza, akapigilia jipya. Kisha akasimama wima juu ya paa la mama yake, akacheka mpaka machozi.

"Naona hadi uani kwa nesi," alipaza sauti.

"Basi niangalizie nguo zangu kama zimekauka," nesi alimjibu.

Mvua ilikuja wiki ile ile, tena kubwa. Kwa mazoea, Mama aliinuka na kuweka beseni katikati ya sebule. Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Mama aliinama, akapapasa ndani ya beseni kwa kiganja. Kavu.

Ndipo akainua uso, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha alibeba beseni lake, akafungua mlango, akaliweka nje likinge maji ya kufulia.