Baiskeli Haina Upindo

Kila asubuhi nilikunja vipande viwili vya kitambaa, nikavisokomeza kwenye ncha za viatu vyangu vya shule, ndipo nikavaa. Vitambaa havikukosekana. Mama yangu ni mshonaji, na chumba chetu kina cherehani mlangoni na masazo ya nguo kila kona. Kilichokosekana ni kiatu cha kunitosha. Sweta lilinifika magotini na sketi ilikuwa na upindo mpana kama kiganja. Nikilalamika, Mama hakuinua hata macho kwenye sindano yake.

"Utakua tu," alisema.

Darasani waliniita Bwanga, kama ile suruali pana, kwa sababu ya mavazi hayo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hilo neno "utakua" lilikuwa limenifika hapa kooni. Sijui nani aliwaambia wazazi kwamba mtoto ana mwili wa kesho tu, wa leo hana.

Muhula wa pili ulipoanza, mjomba wangu, dereva wa lori, alisema atanilipia baiskeli moja dukani kwa Fundi Spoku. Ilikuwa zawadi, lakini zawadi yenye kazi. Siku za wiki ingenipeleka shuleni, katikati ya jiji penye magari mengi. Jumamosi ingenipeleka kwa Bibi, mama yake Mama, aliyeishi peke yake kilomita kumi na tano kutoka kwetu, kwenye barabara kuu. Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kuinama kufua wala kubeba ndoo, na sisi tulifika kwake mara moja tu kwa mwezi. Nilimwahidi kuwa nikipata baiskeli nitakuja kila Jumamosi, na Bibi si mtu wa kusahau ahadi.

Duka la Fundi Spoku lilikuwa na mlango mmoja na baiskeli zimetundikwa ukutani kwa kulabu. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Nilimwamkia, kisha nikaikimbilia moja nyekundu, yenye matairi membamba na usukani uliojipinda kama pembe za kondoo.

"Hiyo ni ya mashindano," alisema Fundi. "Mjini utainama usione magari. Na matairi hayo yakikutana na shimo, shimo ndilo linaloshinda."

Mama hakuitazama hata hiyo nyekundu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jitu jeusi lililosimama karibu na mlango, lenye keria pana na bomba nene la juu. "Hii," alisema. "Atakuwa nayo mpaka amalize sekondari."

"Ni ndefu kwake, mama," alisema Fundi.

"Atakua."

Nilichemka. Fundi alishika kiti, nikapanda. Aliinama akatazama chini, akaona ncha ya kiatu changu imegusa sakafu. "Binti, mguu unafika?"

Kiatu ndicho kilichofika. Vidole vyangu vilikuwa nyuma ya kitambaa, juu kabisa, na mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimesusa rohoni. Nikajiambia, si anataka vikubwa? Acha avipate. "Unafika," nilisema.

"Una hakika?"

"Si nimesema unafika."

Siku tatu nilipanda baiskeli ile kwa kusimama juu ya jiwe, na kushuka kwa kuegemea ukuta. Siku ya nne, kwenye makutano ya barabara karibu na soko, taa ikawaka nyekundu. Nilibana breki, baiskeli ikasimama pale pale. Hapakuwa na jiwe wala ukuta. Nilishusha mguu, ncha ya kiatu ikagusa lami, ikakunjika, nami nikaanguka upande wa magari. Pikapu ilifunga breki, ikasimama shubiri moja kutoka kichwani mwangu. Dereva aliruka nje. "Wewe mtoto, unataka nifungwe?" alifoka, kisha akaniinua na kunisogeza pembeni.

Goti lilichanika na kifundo cha mkono kikavimba. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na kwa mkono ule nisingefika kwa Bibi.

Nyumbani Mama aliniosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mikono yake ilikuwa mizito kwa hasira. "Nini kimetokea?"

Ningeweza kusema palepale. Lakini kusema kungenilazimu kukiri lile "unafika" la dukani, na bado nilikuwa na kinyongo naye. "Breki hazikushika," nilisema.

Mama aliinuka na utepe wake wa kupimia shingoni, akaikokota baiskeli hadi nje. Nilimfuata nikichechemea. Njia nzima alimweleza kila aliyeuliza habari za goti langu.

Dukani kulikuwa na wateja watatu. "Fundi," alisema Mama mbele yao, "umempa mwanangu kaburi lenye magurudumu mawili. Breki hazishiki."

Mteja mmoja aliyekuwa ameleta baiskeli yake kutengenezwa aliishika usukani taratibu, akaanza kuirudisha nyuma kuelekea mlangoni. Fundi alimwona. Aliivuta ile nyeusi hadi katikati ya duka, akaisukuma kwa nguvu, akabana breki. Gurudumu la nyuma liliinuka juu. Akarudia. Kisha akabana tena, akamwambia Mama, "Sukuma wewe." Mama alisukuma kwa mikono miwili, na baiskeli haikusogea hata inchi.

"Miaka thelathini nakaza breki kwa mikono hii," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hakuna aliyewahi kusema maneno hayo humu ndani. Binti, nionyeshe breki isiyoshika."

Yule mteja alikuwa ameshafika mlangoni. Nilikaa chini, nikavua kiatu, nikachomoa kile kitambaa na kukiweka sakafuni mbele ya wote.

"Breki ni nzima," nilisema. "Siku ile kilichofika chini ni kiatu. Mimi sikufika."

Mama alifungua mdomo, lakini nilikuwa sijamaliza, na sasa hasira zangu zote zilitoka. "Na wewe, Mama, Fundi alikuambia ni ndefu. Ukasema atakua. Kila kitu atakua. Gari lilisimama shubiri moja kutoka kichwani mwangu, Mama. Ningekua lini?"

Mama alikitazama kile kitambaa cha bluu. Alikuwa amekikata mwenyewe.

"Mbona ulisema unafika?" aliuliza.

"Nilikuwa nimekukasirikia."

"Basi hasira zako zimemvunjia fundi wa watu heshima mbele ya wateja wake. Nami nimeubeba uongo wako, nikautembeza mtaa mzima." Alimgeukia yule mteja mlangoni. "Baba, rudisha baiskeli yako. Fundi huyu hana kosa. Wakosaji ni mimi na huyu binti. Fundi, nisamehe." Akanitazama. Niliomba radhi. Akasema hajasikia, nikaomba tena kwa sauti ya kufika barabarani.

Fundi bado alikuwa amenuna. "Mama, wewe hukata kitambaa bila kupima?"

"Hata siku moja."

"Sasa mbona baiskeli umeipima kwa macho? Gauni likiwa refu, unakunja upindo. Baiskeli haina upindo."

Mama alivua utepe shingoni. Alinisimamisha ukutani miguu mitupu, akanipima mguu kutoka juu hadi kisigino, akamtajia Fundi hesabu yake. Fundi aliirudisha ile nyeusi karibu na mlango, akatundua baiskeli ya kijivu ambayo sikuwa nimeiona kabisa. Usukani wake ulikuwa umenyooka, ili nitazame magari nikiwa wima. Matairi yalikuwa ya wastani, ya kuvumilia mashimo ya mjini bila kunichosha njia ndefu, na ilikuwa na gia za kupandia vilima.

"Kiti chake kinapanda vidole vinne," alisema Fundi. "Kukua kwake ni hapo, si zaidi. Panda. Unafika?"

"Nafika," nilisema. "Bila viatu."

Ndipo alipocheka kidogo, nami nikapumua.

Njiani Mama alishika usukani wa baiskeli, tukatembea sambamba. "Kukasirika ulikuwa na haki," alisema. "Ungenifokea hata palepale dukani, ningekukaripia, yangekwisha. Lakini usiulizwe jambo la usalama wako ukajibu uongo ili kunikomoa. Uongo ule ulitaka kukuua wewe, halafu ukamwangukia mzee asiye na kosa."

Jumamosi ile Bibi alinisubiri bure. Jumamosi iliyofuata, mkono ulipopona, nilikuta boksi mlangoni. Ndani mlikuwa na viatu vipya. Nilivaa, vidole vikafika mwisho, na hapakuwa na nafasi ya kitambaa.

"Vikianza kukubana, utaniambia," alisema Mama kutoka kwenye cherehani.

"Nitakuambia siku hiyohiyo," nilijibu, nikapanda baiskeli haraka, maana Bibi alikuwa na nguo za wiki mbili na hasira za wiki nzima.